Tanga: bi mkubwa kapigwa X nyekundu kwa barabara ya mzunguko ambayo haijulikani hata inapita wapi

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Bi mkubwa wangu ana nyumba njia ya Pongwe. Miaka mitatu nyuma walikuja vijana na ile mashine yao ya miguu mitatu, wakachomeka vigingi katikati ya minazi, wakampiga X ukutani, pembeni ya dirisha la jiko. Kuuliza, akajibiwa: "Mama, barabara ya mzunguko inapita hapa, malori yasiingie tena mjini." Karatasi hawakuacha. Eti wa tathmini watakuja.

Wa tathmini hawakuja. Mwaka jana likaja kundi jingine, likachomeka vigingi vyake kule nyuma, kama viwanja vinne kutoka vile vya kwanza, likapotea. Barabara moja, mistari miwili, na X ya bi mkubwa iko palepale. Mdogo wangu alitaka kumwongezea vyumba viwili. Tofali 600 zimelala uani zimeota ukoga, kuku wanatagia katikati yake. Mwenyekiti wa mtaa anasema msijenge. Ofisini wanasema njia "bado inapitiwa". Nimeenda mara nne, siku hizi mlinzi wa getini haniulizi tena nimefuata nini.

Halafu hiyo rangi! Nchi hii hata mtoto anajua: X nyekundu wewe ndiye uliyeifuata barabara, bomoa uondoke mikono mitupu. Kijani, barabara imekufuata wewe, subiri fidia. Sasa barabara ambayo haijawa hata vumbi, mtu aliyehamia pale 1984 kaifuata vipi? Nikamwambia mmoja wa kule ofisini hivyo, akanitolea Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara imetoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Sawa mkuu, nioneshe hiyo katikati nianze kuhesabu. Akanyanyua simu, akajifanya anapigiwa.

Na asije mtu hapa akasema watu wa Tanga hatutaki maendeleo. Barabara tunaitaka, tena jana. Wenzetu Dodoma ya kwao ni kilomita 112.3, njia nne, Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu hadi Nala tena, unaweza kuifuata kwa kidole kwenye ramani. Sisi huku semi la makontena linamsukumiza mtaroni mzee wa baiskeli na madafu yake, halafu ramani ni siri kama ya harusi ya pili.

Swali langu ni moja. Jana bi mkubwa kanipigia, kanunua chokaa, anataka kupaka ukuta mzima kabla ya Idi, na X humo humo. Akiifuta ni kosa? Anayejua sheria anijibu haraka, brashi keshailoweka.