Kila jambo nawaza baya kwanza, nyinyi mulitokaje kwa hali hii?

BintiKibokoni

Asalaam aleikum nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Naandika hapa kwa sababu nyumbani nikisema naambiwa tu wacha mawazo, na mie sijui mawazo yanawachwa vipi. Nina miaka 27, naandika hesabu kwa duka moja la jumla upande wa Marikiti hapa Mombasa. Shida yangu ni kwamba likitokea lolote akili inakimbilia ubaya kwanza. Juzi bosi alinitumia meseji saa tatu usiku, "kesho uje mapema", basi, hakusema zaidi. Usiku ule sikulala, nikawa napiga hesabu kodi nitalipa na nini, mpaka nikamuona mamangu anauza cherehani yake. Asubuhi kumbe kuna mzigo unashushwa alikuwa ataka mtu wa kuhesabu maboksi.

Ungedhani nimepata funzo, lakini wiki iyo hiyo rafiki yangu wa tangu madrasa alisoma meseji yangu, tiki zikawa bluu, siku mbili kimya. Nshaamua amenichoka. Alipopiga simu nikamjibu vibaya, na alikuwa amelala hospitali na mtoto mgonjwa jamani. Hapo ndo niliumia sana, maana sasa mawazo yangu yanamuumiza mtu mwengine.

Na kuna kazi niliiona, nzuri kuliko hii, sikupeleka maombi kwa kuwa nilishajijibia mwenyewe kwamba hawanichukui. Nimejaribu zile video za motivesheni, usimame mbele ya kioo useme mimi ni mshindi, mimi napendwa. Nimefanya wiki mbili. Kila nikisema nasikia ndani kama naambiwa muongo wewe, naondoka pale kiooni nimevunjika zaidi. Kuna mtu humu ametoka kwa hali kama hii? Mulifanyaje, tafadhalini nielezeni taratibu.

MzeeWaTudor

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Nimesoma mara mbili na nimejiona mie kabisa kabla sijastaafu. Nilikuwa tali klaki bandarini, yaani karani wa kuhesabu mizigo, na nilikuwa mtu wa kuogopa kila simu ikilia.

Kwanza hilo la kioo usijilaumu. Kuna utafiti ulitoka 2009, wa mwalimu wa chuo kikuu huko Canada anaitwa Joanne Wood, waliwapa watu wanaojidharau warudierudie kusema mimi ni mtu wa kupendeka, wakajisikia vibaya zaidi kuliko wale ambao hawakusema chochote. Kwa hivyo lililokupata limewapata wengine, hukukosea kufanya.

Mie nilisaidiwa na mshauri mmoja aliyenifundisha njia iliyoanzia kwa daktari Mmarekani, Aaron Beck, miaka ya 1960 kule Philadelphia. Yeye aliona wagonjwa wake wa huzuni wanapitiwa na mawazo ya haraka yanayokuja yenyewe, mafupi, na wanayaamini palepale bila kuyauliza kitu. Sasa wewe ni mtu wa hesabu, nitakwambia kwa lugha yako. Ukiletewa karatasi inasema maboksi 40, huweki sahihi kabla hujahesabu, sivyo? Lakini lile wazo la kufukuzwa kazi uliliwekea sahihi usiku ule ule, mzigo hujauona.

Nunua daftari la shule tu. Wazo likikukamata andika kwanza kilichotokea, kile tu ambacho mtu aliyesimama kando angekiona. "Bosi ametuma meseji niende mapema." Usiandike bosi amekasirika, hilo hukuliona. Halafu andika wazo lenyewe na unaliamini kiasi gani kwa mia. Kisha ushahidi wa kulitetea, kisha ushahidi wa kulipinga, na hapa ndipo pagumu kwa sababu akili itakwambia hakuna, sasa ukae hapo hapo mpaka upate. Jiulize angekuwa ni shoga yako amekuletea habari hii ungemwambiaje. Mwisho uandike tena unaamini kiasi gani.

Nikupe wangu. Mwanangu wa kiume ana tuktuk, usiku mmoja saa tano hajarudi na simu haishiki. Wazo: amegongwa. Nikaandika 90. Ushahidi wa kutetea, amechelewa, simu imezima. Wa kupinga, betri yake ni mbovu na mwezi ule ilishamzimikia mara tatu, na ilikuwa mwisho wa mwezi abiria wengi. Nikaandika 40. Sikufurahi, nataka uelewe hapo, hofu ilikuwepo bado, ila hofu ya 40 mtu anaweza kuketi nayo akanywa maji. Zamani ningeshatoka na kanzu ya kulalia kwenda kumtafuta barabarani.

Ilinichukua kama miezi mitatu kabla haijaanza kuja yenyewe bila daftari. Kuna siku utaona ujinga kuandika, andika tu.

omar_likoni

Dada huu ni upungufu wa imani na shukrani. Fanya adhkari, zile dua za kumtaja Mungu, asubuhi na jioni, utaona mwenyewe yanaondoka.

UmmSwafiyya

Kaka Omar najua unamtakia kheri, na adhkari mie zilinishika mkono mwaka niliofiwa na mume. Lakini tusimwambie mtu ambaye halali usiku kwamba imani yake ni ndogo, atalichukua hilo nalo aliweke juu ya mzigo alionao, na anaweza asiseme tena kwa mtu yeyote.

Mdogo wangu, ukiifungua Suratul Hujurat aya ya 12 tumeamrishwa tujiepushe sana na dhana kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Mie aya hii niliisikia miaka yote nikidhani ni ya wasengenyaji, mpaka siku moja nikajiuliza, je na hii dhana yangu kwamba wifi ananichukia kwa kuwa alipita sokoni Kongowea hakunisalimu, si dhana pia? Nilimbeba moyoni miezi miwili yule dada. Mwisho nikamuuliza kwa upole, wifi siku ile nilikukosea? Hata hakuwa amenikumbuka kuniona, macho yake mabovu na miwani ilikuwa imevunjika. Kwa hivyo mie naongeza hili kwa daftari la mzee, pale inapowezekana kuuliza, uliza. Na huyo rafiki yako mpigie leo, umuombe radhi, umwambie ukweli kama ulivyotwambia sisi.

nesi_wa_kisauni

Naunga mkono wote lakini naomba nikuulize mambo mawili matatu kwa sababu naona hivi kila siku kazini. Usingizi unakosa siku ngapi kwa wiki? Unakula? Vitu ulivyokuwa ukivipenda bado vinakupa raha? Kama huzuni au kukosa raha kunakukaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hapo nenda kituo cha afya useme hivyo hivyo ulivyoandika hapa, usiseme kichwa kinaniuma tu. Kuna fomu ya maswali 9 tunayotumia, inachukua dakika chache. Na ikibidi upimwe damu pia, upungufu wa damu na tezi ya shingo zinaweza kumchosha mtu na kumtia huzuni akadhani ni akili yake. Likikujia wazo la kujidhuru, usingoje daftari wala nini, mwambie mtu aliye karibu nawe saa ile ile na uende hospitali.

Na hii ya kuambiwa "una mawazo" kisha basi inaniuma sana. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, maana yake ni kuwaza kupita kiasi, sawasawa na letu. Daktari wa huko, Dixon Chibanda, 2006 alianza na akina nyanya 14 mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kusikiliza na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kushughulikia. Baadaye wakalipima vizuri, matokeo yakatoka 2016, waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wengine. Nyanya zetu wanaokaa barazani jioni wangeliweza hili, wallahi naliamini.

BintiKibokoni

Nimerudi baada ya wiki tatu, niwieni radhi nimekawia. Rafiki yangu nilimpigia siku ile ile, tulilia wote. Nesi, nilikwenda, damu iko chini kidogo nimepewa vidonge, na maswali 9 wamesema nirudi mwezi ujao tuangalie tena.

Daftari nimeandika mara 11. Ya kwanza ilinichukua nusu saa na ilishuka kutoka 95 hadi 85 tu, nikakata tamaa kidogo. Lakini nikiyasoma yote pamoja naona kitu, karibu yote ni lile lile, kwamba watu wataniwacha. Sikuwahi kujua. Ile kazi muda ulikuwa haujaisha, nimepeleka maombi, hawajajibu, na leo asubuhi nimeandika "hawajajibu" peke yake bila kuongeza neno.

Kinachonishinda bado ni saa nane usiku. Nikiamka saa hiyo siwezi kuwasha taa niandike, nalala na mdogo wangu.

MzeeWaTudor

Alhamdulillahi mwanangu. La usiku, yape mawazo saa yake mchana. Chagua dakika 20 kila siku, saa ile ile na kiti kile kile, si kitandani, ukae uwaze kwa makusudi na daftari mkononi. Usiku likija liambie nitakuona kesho saa yako, kisha sikiliza pumzi unavyozitoa. Siku za mwanzo halitakuamini. Na uhakikishe kweli unakwenda kukaa hiyo kesho.

BintiKibokoni

Nitakaa baada ya alasiri, barazani kwa bibi. Naanza leo.