Gitaa na ngoma kwenye tamasha la ufukweni: nizitunzeje?

Swali: Wakuu, wikiendi kuna tamasha la muziki wa asili ufukweni, na kulala ni kwenye hema. Nabeba gitaa la nyuzi za chuma na ngoma ya ngozi. Chumvi na unyevu nivikabili vipi?

Jibu 1: Nyuzi ndizo huanza kuharibika. Kila ukimaliza kupiga, pitisha kitambaa kikavu cha pamba juu na chini ya kila uzi; jasho na chumvi vikikutana, kutu haichelewi. Beba seti ya akiba. Na tafadhali, usiliache gitaa ndani ya gari juani: gundi hulainika, daraja (kipande kinachoshika nyuzi juu ya mwili wa gitaa) likabanduka.

Jibu 2: Ngoma jioni italegea tu, maana ngozi hunyonya unyevu. Ipashe moto kwa mbali, kama mita moja, huku ukiizungusha. Gonga katikati, kisha ukingoni. Ikianza kulia kavu, iondoe hapo hapo. Ukizidisha inapasuka.

Jibu 3: Vigingi vya kawaida vya hema havishiki mchangani. Jaza mfuko mchanga, ufunge kamba, uufukie sentimita 30 hivi. Ila kabla ya kusimamisha hema, tazama mstari wa mwani: maji yamefika hapo, na siku za bamvua (maji yanapojaa sana) yanapita.