Sensa za mwendo zisizo na waya: betri ikifa programu inaandika "Hakuna mwendo". Huu ni uhuni!

Wakuu salama? Nina hasira kwa hiyo mtanivumilia mpangilio.

Hivi ni nani aliyeamua kwamba sensa ya mwendo ikinyamaza, iwe imeisha betri, iwe imepoteza mtandao, iwe imebanduka ukutani na kudondoka nyuma ya kabati, programu ya simu iendelee tu kuandika "Hakuna mwendo" na alama ya kijani pembeni? Nani? Maana hivi vidude vya nyumba janja vingi nilivyovishika ndo tabia yake na watu tumeshaona ni kawaida. Hakuna mwendo maana yake nimeangalia, hamna mtu. Sijaangalia ni habari nyingine kabisa. Hawa wamezichanganya hizo habari mbili wakazipaka rangi moja, halafu kwenye boksi wanaandika kwa herufi kubwa ulinzi wa saa 24. Ulinzi gani?? Mlinzi akifia kibandani asubuhi huwezi kuandika kwenye daftari usiku ulikuwa shwari.

Kilichonifikisha hapa ni hiki. Tulisafiri familia nzima, nyumba tukamwachia shemeji awe anapita jioni kuangalia kama kuko sawa. Sensa iko koridoni pale pale anapopita, hawezi kuikwepa hata akitaka. Kila nikifungua programu, Hakuna mwendo. Kesho yake tena, Hakuna mwendo. Wife akaanza kumuuliza mdogo wake maswali ya kipolisi, we kweli unaenda huko, mbona kifaa kinasema hujaingia, jamaa akaona anaitwa mwongo akanuna, akaacha hata kupokea simu, undugu unataka kuvunjika kwa ajili ya kidude cha plastiki. Mwisho akapiga simu ya video amesimama chini ya sensa anapunga mikono yote miwili huku kanuna, na mimi kwenye simu nyingine naangalia programu inaniambia Hakuna mwendo, betri asilimia 100. ASILIMIA 100 wakuu. Tumerudi nimekifungua, kibetri kimekufa kifo cha kweli, hata kile kitaa chake cha majaribio hakiwaki.

Nikawaandikia huduma kwa wateja wa hiyo kampuni (siitaji, wapo wengi wa aina yake), nikajibiwa tafadhali hakikisha kifaa kina betri. Yaani mimi nahakikishaje na nyie ndo mnaniambia ni asilimia 100?

Sasa hiyo asilimia ngoja niiseme maana ndo utapeli wa kwanza. Vibetri hivi vya duara vya lithiamu, CR2032, CR2450 na ndugu zake, vina volti 3, na tabia yake volti haishuki polepole, inakaa pale pale karibu maisha yake yote halafu mwishoni inaporomoka ghafla. Sensa nyingi zinapima volti tu halafu zinaigeuza kuwa asilimia kwa hesabu za kukisia, kwa hiyo unaona 100, 100, 100, halafu kimya. Wahandisi wao wanalijua hilo vizuri kabisa. Na ile 100 uliyoiona sio ya leo, ni ya mara ya mwisho sensa ilipoongea, ila programu haikuandikii iliongea lini. Ingekuwa imeandikwa tu "habari ya mwisho: wiki iliyopita" shemeji wangu angekuwa ananisalimia mpaka leo.

Na betri ni njia moja tu ya kunyamaza. Zipo nyingi na zote zinaishia kwenye kialama kile kile cha kijani.

Zile za bei ya chini kabisa za masafa ya 433 MHz ndo balaa, zile zinapiga kelele upande mmoja tu. Sensa inaona mtu, inatuma namba yake hewani, inalala. Haijui kama king'ora kimesikia, haina hata sikio la kusikilizia jibu. Nyingi zina chipu ya EV1527 au mfano wake, namba yake ni biti 20 haibadiliki maisha yote, mtu mwenye kipokezi cha redio anairekodi akiwa nje ya uzio na kuirudisha hewani muda anaotaka yeye. Na akiamua kujaza kelele kwenye masafa hayo wakati anaingia, sensa itapiga kelele yake vizuri tu na hakuna atakayeisikia. Programu je? Hakuna mwendo.

Za Zigbee (mtandao wa redio wa vifaa vya nyumba janja) ni bora, hizo zinajibiwa, lakini zina vituko vyake. Ziko 2.4 GHz humo humo iliko WiFi, chaneli 11 mpaka 26, ukiiweka ruta yako na kile kidongo cha Zigbee (kipokezi cha kuchomeka USB) juu ya meza moja vinakanyagana. Halafu chomeka kidongo hicho kwenye tundu la USB 3.0 moja kwa moja, nalo linatoa kelele kwenye masafa hayo hayo, Intel wenyewe waliliandika hilo mwaka 2012, dawa yake ni kawaya ka kurefusha USB ukisogeze mbali. Sasa niambieni, ni boksi gani mmeliona limeandikwa hivyo? Unakuja kuyajua baada ya kukesha unasoma malalamiko ya watu waliolia kabla yako.

Halafu sensa ya betri haipokezani ujumbe na wenzake, inayopokezana ni ile inayokula umeme wa ukutani kama balbu na soketi. Kwa hiyo sensa ya stoo inaweza kuwa inapitisha ujumbe wake kwenye balbu ya sebuleni. Mgeni anakuja, anazima swichi ya ukutani kama binadamu yeyote anavyozima taa, ile balbu imekufa na sensa ya stoo imepotea njia, na kuna sensa nyingine zina ubishi zinaganda kwa yule yule balbu aliyezimwa hazitafuti njia nyingine mpaka uzitoe betri urudishe. Mtu amezima taa ya sebuleni, ulinzi wa stoo umeondoka, na hakuna aliyeambiwa!!! Umeme wa nyumba nzima ukikatika ndo usiseme, sensa zote ziko hai zina betri, zinaona kila kitu, ila habu (kile kifaa kinachopokea ujumbe wa sensa zote) na ruta vimelala hakuna wa kuzisikiliza.

Na hata ikiwa nzima kabisa, kuna kunyamaza kwa makusudi. Ili betri idumu, sensa nyingi zikishaona mtu mara moja zinafumba macho, nyingine sekunde kadhaa, nyingine dakika nzima ndo ziangalie tena. Kwa kuwasha taa haina shida. Kwa ulinzi, dakika nzima ni muda wa mtu kupita korido na kuingia chumbani. Niliyonayo mimi muda huo haujaandikwa popote, si kwenye boksi si kwenye kijitabu, nimeupata kwa kusimama na saa mkononi naipungia kama mwehu.

Wengine humu mtasema kanunue zinazotumia WiFi moja kwa moja. Hizo ndo zinachoka zaidi, WiFi inakula betri kwa hiyo sensa inalala usingizi mzito, ikiona mtu lazima iamke iitafute ruta iingie ndo itume, sekunde zinaenda. Taa inawaka wakati ushapita.

Kwenye taa ndo utaona kwamba ni ugonjwa ule ule. Ile ya kukaa chooni taa ikazima ukabaki unapunga mikono gizani wote tunaijua, tunacheka. Lakini chanzo chake ni nini? Sensa hizi za kawaida za infraredi hazioni mtu, zinaona mabadiliko ya joto yanayohama kutoka kipande kimoja cha lenzi kwenda kingine. Ukitulia umetoweka. Ukiifuata uso kwa uso inakuona kwa shida kuliko ukiikatiza kwa mbele. Chumba kikipata joto karibu na la ngozi yako inakuwa nusu kipofu, na nyuma ya kioo cha dirisha haikuoni kabisa. Hizo ni tabia za sayansi yake, silalamikii sayansi. Nalalamikia mtu aliyepokea "sijaona kitu kikihama" akaiandika "hakuna mtu" halafu akanizimia taa, na huyo huyo ndo anayenilindia nyumba.

Za rada, zile za 24 GHz na 60 GHz, zinakuona hata umetulia maana zinakamata mpaka kifua kinachopanda na kushuka, sawa. Ila zinaona na feni, zinaona pazia, nyingine zinaona mtu wa chumba cha pili kupitia ukuta mwepesi, na nyingi zinataka umeme wa waya muda wote kwa hiyo ile hadithi ya bila waya imeishia hapo.

Turudi kwenye kimya. Kimya kikubwa kuliko vyote ni cha seva. Sensa iko kwako, habu iko kwako, taa iko kwako, lakini uamuzi wa kuwasha taa unasafiri mpaka kwenye seva ya kampuni nje ya nchi halafu unarudi. Revolv walikuwa wanauza habu, kampuni ikanunuliwa na Nest, Mei 2016 huduma ikazimwa na zile habu zikawa mapambo. Insteon, kampuni nyingine ya nyumba janja, Aprili 2022 seva zilizimika watu hawajapewa hata barua, wateja wakaamka mitambo haiitikii. Uingereza sasa kuna sheria tangu tarehe 29 Aprili 2024 inayomtaka mwenye kutengeneza vifaa vya intaneti aseme wazi ataendelea kutoa apdeti za usalama mpaka lini, na nywila za kiwandani za admin admin marufuku. Angalau wao mnunuzi anaambiwa. Ila hata sheria hiyo haimlazimishi mtu kusema sensa ikinyamaza itakuwaje.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ipo, ya zamani, na sio ghali. Mifumo ya king'ora ya kitaalamu isiyo na waya ile inayofuata kiwango cha Ulaya EN 50131, sensa lazima iripoti kila baada ya muda "nipo", isiporipoti paneli inapiga kelele kwamba kuna hitilafu, kwa sababu wenye kazi yao walishajua kimya sio jibu. Ujumbe wenyewe ni baiti chache. Na sensa nyingi hizi za Zigbee TAYARI zinatuma huo ujumbe wa nipo kila baada ya muda! Habu inaupokea! Inautupa! Haikuonyeshi!

Mkitaka ushahidi angalieni programu za bure. Kwenye Home Assistant (programu ya kuendeshea nyumba janja) ukitumia ZHA, sehemu yake ya Zigbee, kifaa cha betri kikikaa kimya saa 6 kinaandikwa hakipatikani. Zigbee2MQTT, programu nyingine ya kuunganisha vifaa vya Zigbee, nayo ina kipengele hicho, muda wake ni saa 25 kwa vya betri, ila lazima ukiwashe mwenyewe. Saa 25 kwa mlinzi bado ni kichekesho, lakini zinabadilishika na angalau kuna neno "hakipatikani" kwenye kioo. Watu wanaofanya kwa kujitolea wamelikumbuka hilo neno, kampuni inayokutoza pesa kila mwezi imelisahau.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mkuu uliyesema "badilisha betri kila baada ya muda basi" hujanielewa, betri ni sababu moja, hiyo balbu iliyozimwa utaibadilisha betri gani? Na uliyesema funga kamera, kamera nazo ukikata intaneti nyingi zinabaki na picha ya mwisho imeganda kwenye simu unaona sebule iko shwari, uhuni ule ule kwa picha nzuri zaidi.

Yule aliyeuliza kwa sasa nimefanyaje: nimehamishia kila kitu kwenye habu ya ndani isiyotegemea seva ya mtu, habu na ruta vina betri ya akiba, sensa zote zinapitia soketi na sio balbu, na nimeweka amri kwamba sensa yoyote ikikaa saa 2 bila kusema chochote simu yangu inalia mlio wa hitilafu. Unalia mara nyingine bila sababu, mke wangu anaulalamikia, mimi napenda ulie.

Shemeji nimempigia amepokea ila anajibu kwa mkato.

Sasa naomba kitu kimoja. Kama kuna mdau ana sensa iliyotoka dukani hivyo hivyo, bila kuchokonoa chochote, ambayo ikikata mawasiliano yenyewe inatoa taarifa, aweke jina lake hapa. Ila uwe umeitoa betri mwenyewe ukasubiri ukaona simu inasemaje, sio umesoma kwenye boksi.