Lile chungwa la jana barazani kwangu SITALISAHAU mpaka naingia kaburini

Mkazi_wa_Mlimani (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mtanisamehe nikikosea herufi.

Kuna fundi mmoja wa marumaru huku kwetu Buswelu, Mwanza. Simtaji. Mnamjua. Ukimwona mtu ana penseli sikioni hata siku ya msiba, ndiye. Yule ambaye akikuta unapigilia msumari ukutani KWAKO anasimama kukuhesabia nyundo. Ndiye huyo huyo. Jana Jumapili, saa kumi jioni, amenivua nguo mbele ya mama mkwe wangu. Kwa chungwa.

Chungwa, wakuu.

Baraza langu nimeliweka marumaru kwa mikono yangu mwenyewe. Miezi miwili, kila Jumamosi na Jumapili. Yeye nilimwita kwanza, akanitajia hela ya ufundi inayonunua ndama na kamba yake, nikamwambia asante, nitafanya mwenyewe. Nadhani hapo ndipo kisasi kilipoanzia. Nikawa najifunza YouTube usiku, mama watoto amelala. Nikanunua mpira wa maji wa kupimia, nikavuta uzi kona hadi kona, marumaru nikaziloweka kwenye beseni usiku kucha zisije zikanyonya maji ya saruji. Za pembeni nimekata kwa grenda ya kuazima mpaka nikatoka mweupe kama nimelala kwenye kinu cha unga. Magoti yangu hadi leo hayajarudi rangi yake. Halafu chini ya baraza nikapanga mawe, na mawe huku hayanunuliwi, ukichimba shimo la mchaichai unakutana na jiwe ukubwa wa daladala. Nikapata ngazi mbili za bustani, samadi humo, mchicha na mgagani vikakubali.

Jana wakwe wamekuja kutoka Magu, mara ya kwanza tangu tuhamie. Mama mkwe kakaa barazani, sinia la machungwa mezani, upepo wa ziwa unapanda taratibu. Akavua kandambili moja, akapitisha unyayo juu ya marumaru, hivi, kama anapapasa kitambaa dukani. Akasema, "Mkwe, hapa pazuri." Wakuu, pale mimi nilikuwa nimemaliza maisha, sina deni na mtu.

Ndipo akapita. Hakuitwa na mtu. Geti lilikuwa wazi. "Mwadila mayu," akasalimia kwa Kisukuma, adabu tele, mpaka mama mkwe akamkaribisha kiti. Hakukaa. Akachuchumaa, akafumba jicho moja, akatazama marumaru zangu kama mtu anayelenga kanga. Kisha akanyoosha mkono kwenye sinia LANGU, akachagua chungwa, akaliweka chini katikati ya baraza. Akaliachia.

Likatulia. Moja, mbili. Nikashusha pumzi.

Likaanza kutembea.

Likatembea polepole, halina haraka, kama mgeni anayeaga. Baba mkwe akaacha kutafuna. Mwanangu akapiga makofi. Likafika kwenye kiti cha mama mkwe, na mama mkwe akainua miguu. AKAINUA MIGUU, wakuu, kulipisha chungwa! Likapita, likashuka ngazi ya kwanza, pu, ya pili, pu, likazama kwenye mchicha. Kimya. Yule bwana akasimama, akajipangusa mikono, akamwambia mama mkwe kwa upole wa daktari: "Mama, mkinywa chai hapa mshikilie vikombe."

Akaondoka. Na chungwa la pili mfukoni.

Mama mkwe alicheka mpaka akatafutiwa maji. Wakati wa kuaga ananishika mkono ananiambia, "Mkwe, funga viti kamba." Leo asubuhi shemeji kapiga simu, hajanisalimia, ananiuliza, "Chungwa limefika wapi?" Maana yake Magu nzima inajua! Kufikia kesho litakuwa limevuka daraja la Kigongo–Busisi liko Sengerema.

Na baraza LINATAKIWA kuwa na mteremko! Sentimita moja kila mita, maji ya mvua yatoke nje! Niliweka makusudi! Lakini utamweleza nani, mtu ameshainua miguu?

Na alichagua. Kwenye lile sinia yalikuwemo yaliyobonyea, yalikuwemo marefu marefu. Akayapekua, akalitoa lile la duara kama mpira wa tenisi.

Mtu kama huyu anafanywaje?

Sangara_Mbichi

Siti ya mbele. Uzi bila picha ni porojo. Weka picha ya baraza na picha ya chungwa.

MamaTausi

"Akainua miguu kulipisha chungwa." Nimecheka ndani ya daladala ya Igoma mpaka konda kaniuliza kama nimelipa.

Kokoto_Tatu

Mkuu pole sana. Huyo fundi namjua! Mwaka jana alikuja kwangu Nyasaka kubadilisha kigae kimoja tu cha chooni. Kimoja! Akapita sebuleni, akaona ukuta niliouskimu mwenyewe siku tano, akamwita saidia fundi wake: "Dogo njoo uone ramani ya Ukerewe." Dogo akaja. Wakaanza kuonyeshana visiwa.

Mkazi_wa_Mlimani

NDIYE! Hiyo ndiyo midomo yake kabisa! Mtu anaingia nyumbani kwako anakaribishwa kiti, anakujibu kwa chungwa.

Nyegezi_Kona

Penseli sikioni? Huyo si wa Buswelu, huyo ni wetu. Ana baiskeli yenye ndoo nyuma. Aliniambia ngazi zangu za mawe zinafaa mbuzi.

Baba_Wawili

Nyote hamjui. Huyo yuko Kishiri, na hiyo penseli haijawahi kuchongwa.

Fundi_Mstaafu

Mleta uzi, hasira weka pembeni kidogo. Baraza la nje ni kweli lazima literemke kuelekea nje, na sentimita moja kwa mita ni sawa kabisa. Lingekaa flati kama meza, masika yote ungekuwa unakamua mazulia sebuleni. Chungwa kutoka nje si kosa. Nina swali moja tu. Lilikwenda moja kwa moja, au lilikata kona?

Mkazi_wa_Mlimani

Asante mzee wangu, angalau mtu mmoja ana akili humu! Nilisema niliweka makusudi! Lilikwenda nje.

Fundi_Mstaafu

Moja kwa moja?

Mkazi_wa_Mlimani

Lilikata kidogo. Upande wa pipa la maji. KIDOGO.

Sangara_Mbichi

😂😂😂 Chungwa halina undugu na mtu.

Fundi_Mstaafu

Basi kona ya pipa imelala. Mteremko unatakiwa uende sawasawa upana wote, usielekee kona moja, maana hapo ndipo maji yatakusanyika, na yakikaa yanatafuta njia ya kuingia chini. Mwaga ndoo moja ya maji, subiri dakika kumi, palipobaki dimbwi ndipo penye ugonjwa. Halafu gonga kila marumaru kwa mpini wa bisibisi. Inayolia tupu haikushiba saruji chini, siku moja mtu ataweka mguu wa kiti hapo itapasuka. Utang'oa nne au tano tu, usiogope.

Mkazi_wa_Mlimani

Mzee nakuheshimu ila sikuomba ushauri wa marumaru. Nimeeleza nilivyodhalilishwa. Hata kama kona imelala, ndiyo uniambie kwa njia ile? Mbele ya mama mzazi wa mke wangu? Si angenivuta pembeni, "bwana, kona ya pipa"? Maneno matatu! Yeye akaona aliachie chungwa.

MamaTausi

Mimi nataka kujua la pili alilokula lilikuwa tamu?

Bugarika_Juu

Nyie mnalialia machungwa. Mimi nina jirani anayepasua jiwe ili aongeze chumba. Hanunui kuni. Anachoma matairi juu ya jiwe, siku ya nne leo, akishaona limepata moto analimwagia maji, anagonga nyundo, halipasuki, anawasha tena. Ukuta wangu wa mbele nimepaka rangi nyeupe mwenyewe, mara mbili, na brashi ya kona nikanunua. Leo nyumba ina rangi ya sufuria ya ugali. Nimemfuata, ananijibu, "Mvua ikinyesha itajiosha."

Kokoto_Tatu

Jiwe la hivyo kuni za kawaida zinatosha, apange moto kufuata mstari wa ufa. Tairi ni roho mbaya tu. Masizi ya tairi hata ukipaka rangi juu yanarudi, osha kwanza na sabuni ya unga, likauke, ndipo upake.

Bugarika_Juu

Nioshe mimi? Aoshe yeye!

Luchelele_Mwambao

Angalau wako anachoma jiwe lake. Jirani yangu amelima nyanya mpaka mizizi inakunywa ziwa. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingoni, yeye ameacha hatua sita, tena hatua za mtoto. Halafu huyo huyo ndiye anayenisema mimi nikivuta magugu maji kutengeneza mboji, eti "naleta nyoka."

Nyegezi_Kona

Magugu maji kweli ni mbolea? Nimejaza toroli nne juzi, leo zimenyauka zimebaki debe moja.

Luchelele_Mwambao

Yale ni maji matupu, lazima yasinyae. Yaanike juani kwanza, yakatekate, changanya na samadi na majani makavu, geuza kila wiki. Usiyatupe mabichi kwenye tuta yatakuotea. Na usiyachote karibu na mitaro inayotoa maji machafu mjini, yale yananyonya kila uchafu, usiweke kwenye mboga.

Mkazi_wa_Mlimani

Wakuu turudi kwenye mada. Mtu kaingia kwangu, kachukua chungwa langu, kalichagua la duara

Baba_Wawili

Kuhusu mboga, nani ana dawa ya kuku wa jirani? Nimezungushia mchicha wangu neti ya kuvulia ile iliyochakaa, wanaruka. Nimepandisha hadi kiunoni, wanaruka. Leo nimemkuta jogoo kakaa katikati ya tuta ananitazama kama mimi ndiye mgeni.

MamaTausi

Pindisha neti kwa juu ilegee, usiikaze. Kuku anatafuta pa kukanyagia kabla hajaruka, akikuta panayumba anaghairi. Kwangu Kisesa wamenyooka.

Sangara_Mbichi

Au mchinje useme aliingia mwenyewe.

Baba_Wawili

Ni wa mwenyekiti wa mtaa.

Sangara_Mbichi

Basi legeza neti.

Nyegezi_Kona

@MamaTausi kumbe uko Kisesa. Samadi ya mbuzi inapatikana huko? Huku kwetu kiroba wanachanganya na mchanga.

Kokoto_Tatu

Na mimi nataka. Viroba vitatu.

MamaTausi

Ipo, ya mbuzi na ya ng'ombe. Ya ng'ombe imeshaoza vizuri, ya mbuzi mpya kidogo, ikalishe wiki mbili tatu kabla hujaiweka kwenye mche. Uje na viroba vyako, mimi vyangu sigawi.

Nyegezi_Kona

Jumamosi asubuhi nipo.

Kokoto_Tatu

Nisubiri stendi tupande wote.