Naomba ushauri: mwindaji au druidi kwa pingi ya Mombasa?

Waungwana, naanza mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft Classic kutoka Kisauni, seva ya Ulaya, na usiku pingi (muda ambao mtandao huchelewa) hupita milisekunde 200. Kati ya aina za wahusika wa kuchagua, mwizi nimeshamtoa: kumkatiza adui anayeandaa uchawi kwataka uwahi, na kwa pingi hiyo teke lake la kukatiza lafika uchawi ushatoka. Mwindaji hupata mnyama wa kumsaidia kupigana leveli ya 10, akapanda leveli peke yake bila taabu. Ila adui akisimama kati ya yadi 5 na 8, mshale haufyatuki wala shoka halimfikii, na kwa mtandao mzito kutoka hapo ni kazi. Druidi je? Uchawi wake wa Rejuvenation huponya kidogo kidogo kwa sekunde 12, kwa hivyo kuchelewa hakumuumizi sana. Kwa kikosi cha watu 5, mngechukua yupi? Natumia kipanya cha kawaida tu.