Arkea ya Ziwa Magadi: 16S imefanana 98.9%, je, ni spishi mpya?

chumvi_nyekundu: Habari wadau. Kuna arkea (kijidudu cha seli moja kinachofanana na bakteria ila si bakteria) nyekundu ya Ziwa Magadi, inakua vizuri kwenye pH 9.5 na chumvi 20%. Kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, yaani kunakili jeni) 27F na 1492R, jeli ya kuonyesha DNA ilitoka tupu. Kwa 21F na 1492R jeni ya 16S (inayotumika kutambua vijidudu) imepatikana, ila grafu ya mfuatano wa herufi za DNA ina vilele viwili viwili hapa na pale. Ulinganisho na spishi zinazojulikana unasema Natrialba magadii, 98.9%. Naweza kuiita spishi mpya, au sampuli imechafuka?

sahani_ya_agar: 27F imetengenezwa kwa bakteria, kwa hiyo hapo hakuna kilichoharibika. Vilele pacha ndivyo vya kuangaliwa. Vikiwa vimetapakaa grafu nzima, shuku uchafu: isambaze upya kwa mistari kwenye agar (chakula kigumu cha kukuzia vijidudu) mara tatu, kila mara kutoka koloni moja. Vikibaki palepale baada ya hapo, huenda arkea hiyo ina nakala za 16S zisizolingana. Arkea nyingine, Haloarcula marismortui, ina nakala zinazotofautiana kwa karibu 5%! Asilimia uliyoipata kwenye grafu ya namna hiyo usiitegemee. Soma jeni nyingine, rpoB', au nenda moja kwa moja kwenye jenomu (DNA yake yote).

Unapotoa DNA, mwaga maji ya chumvi yote kwanza, maana chumvi ikibaki inazuia PCR. Kisha weka maji yaliyokenekwa, seli zitapasuka zenyewe. Ndiyo maana pia rangi ya Gram ya kawaida (ya kuangalia vijidudu kwa hadubini) inaharibika: seli zinapasuka wakati wa kuosha. Zishikize kwenye kioo kwa asidi ya asetiki 2% kabla ya kupaka rangi.

jenomu_kwanza: Hata 98.9% ikithibitika, haitoshi kusema ndiyo wala siyo. Chini ya 98.7% kuna uwezekano mkubwa wa spishi mpya. Juu ya hapo 16S inanyamaza. Bakteria Bacillus anthracis na Bacillus cereus ni spishi mbili, ila 16S zao zinafanana kupita 99%. Kinachoamua ni ANI (wastani wa kufanana kwa DNA) ya jenomu nzima: chini ya 95–96% ni spishi nyingine, na dDDH (kipimo kingine cha kompyuta cha kulinganisha jenomu) iwe chini ya 70%. Linganisha na straini za kielelezo (zile zinazowakilisha rasmi kila spishi) za spishi zote za Natrialba, si ile ya juu kwenye orodha tu. Na tafuta majina ya zamani: N. magadii ilielezwa mwaka 1984 kama Natronobacterium magadii, ikahamishwa jenasi mwaka 1997.

sahani_ya_agar: Nyongeza: ikiwa ni mpya, straini lazima ihifadhiwe kwenye hazina mbili za vijidudu, katika nchi mbili tofauti, na watafiti wengine waweze kuipata. Straini yenye masharti ya kuzuia kugawiwa haikubaliki kuwa kielelezo, na jina linakwama hapo. Kwa sampuli ya Kenya kama hii, leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya sayansi) na kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira) viombwe mapema, na ruhusa ya kuipeleka nje iandikwe humo waziwazi.