Naomba ushauri: bwana wa matatu na mama mwenye sukari kwa chumba kimoja

Hamjambo wote humu, naomba mnisaidie mawazo ya kujikinga na korona mwaka huu wa 2020. Tunaishi mtaa wa Pipeline, Nairobi, chumba kimoja tumegawa na pazia, mimi, bwanangu, mtoto na mamangu ambaye ako na sukari na presha. Sasa bwanangu ni kondakta wa matatu, anashika pesa za watu siku nzima na jioni ni mbio tu awahi kafyu ya saa moja, na kuacha kazi hawezi juu landilodi hajui mambo ya korona.

Kwa mlango nimeweka ndoo yenye mfereji na sabuni, akifika ananawa sekunde 20, nguo zinaingia kwa beseni moja kwa moja, anaoga ndio anashika mtoto. Dirisha tunaacha wazi hata kukiwa na baridi (mama analalamika kila usiku). Shida ingine ni maji, ya ploti yanapotea na mtungi wa kununua ni pesa. Jirani anasema nimpulizie bwanangu jiki mwili mzima akiingia, hiyo nimekataa kabisa, jiki ni ya sakafu na vitasa si ya ngozi ya mtu.

Sasa naulizia hivi, mama alale upande wa dirisha ama wa mlango, na bwanangu akae na maski hata ndani ya nyumba ama hiyo ni kuzidisha? Na jiki ya asilimia 3.5 mnachanganya na maji kiasi gani ya kupanguza vitasa na swichi? Mwenye anaishi na mgonjwa wa sukari kwa nyumba kama hii tafadhali aniambie anafanyaje.